Kwanza Chesisi

Ufundi nilijifunzia Arusha, mtaa wa Unga Limited, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini na spea zilitafutwa kwa tochi. Bushi ya springi ikiisha tulikereza nyingine, paipu ya breki ikitoboka tulikunja mpya. Magari yaliyojaa gereji yetu yalikuwa Land Rover, nayo yaliharibika sana, nisikudanganye. Ila karibu kila kitu ndani yake kimefungwa kwa bolti, na fundi mwenye spana, jeki na subira anaweza kulifungua lote na kulirudisha barabarani.

Baadaye nilihudumia magari ya watalii hadi nikastaafu, na miaka ya mwisho nilishika kompyuta ya kupimia kuliko nyundo. Nilipopata kiinua mgongo nikanunua Series III ya inchi 109, injini ya petroli, iliyokuwa juu ya mawe nyuma ya godauni. Tukaivuta hadi uani kwangu, Tengeru. Majirani waliona bodi imenyooka wakanipongeza.

Bodi ya Land Rover haikuambii kitu. Gari hili lilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa ya aloi ya aluminiamu, isiyoshika kutu nyekundu. Chesisi ilibaki ya chuma, na huko ndiko gari linakofia. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu huliwa taratibu na kuacha unga mweupe. Langu lilikuwa limefanya kazi njia ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Tope la kule lina magadi, na magadi hayaionei huruma aluminiamu. Sehemu za chini za milango zilimeguka kwa kidole.

Mpwa wangu, anayenisaidia siku za Jumamosi, alitamani kusikia muungurumo. "Shikamoo mjomba. Leo si tuanze na injini?"

"Marahaba. Injini itangoja, mjomba. Lete nyundo ndogo."

Tulilala chini ya gari, tukagonga chesisi kidogo kidogo kuanzia bampa ya mbele hadi boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa mlio mzito usio na mwangwi. Nilipofika kwenye mikono inayobeba ukuta wa mbele ya miguu ya dereva, mlio ulikufa. Nikasukuma bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Tulikata hadi tukapata chuma safi, tukachomelea bamba jipya la unene uleule, betri ikiwa imeondolewa kabisa. Kubandika bati jembamba juu ya kutu, kama wanavyofanya wengi, ni kumuuzia mtu ajali. Kila bodi ilipokalia chesisi tulipaka rangi ya kuzuia kutu, tukaweka utepe wa mpira wa tyubu kutenganisha madini hayo mawili.

Kazi niliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa kiungo cha usukani kilichosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi. Ni silinda ndogo, na watu hudhani ni bomba tu. Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu sana, ikibana bushi dhidi ya shafti. Ukikifungua ovyo, springi hurukia uso. Nilimfunga mpwa wangu miwani ya kazi, tukazungushia vikazio vya chuma, tukatoa shafti polepole, kisha tukaachia springi ndani ya gunia zito. Oili ilikuwa imekauka zamani. Tulipokisafisha, tukakijaza oili na kukirudisha, usukani uliokuwa ukihitaji mikono ya mtwanga nafaka ukageuka kwa mkono mmoja, na gari likiwa limesimama.

Breki zikafuata. Magurudumu yote manne yana ngoma, na ngoma hazisamehe uzembe. Ukiacha gurudumu moja lina oili ya difu, gari litakuvutia upande mmoja siku ya mteremko. Tulibadilisha sili za ekseli, raba za silinda na paipu zote, tukarekebisha viatu vya breki hadi vikagusa kidogo, na busta tukairudisha.

Hapo ndipo nilipomruhusu mpwa wangu aizungumzie injini. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 hutoa nguvu za farasi zipatazo 70, na inakunywa kweli kweli. Tuliweka 200Tdi ya dizeli kutoka kwenye Discovery iliyopata ajali, yenye farasi zaidi ya 100. Bloku yake ni ya ukoo mmoja na injini hizo za zamani, kwa hiyo ilikubali gia boksi ileile bila vita kubwa. Lakini injini mpya hudai: rejeta ilikuwa ndogo, tukaibadilisha, na gia boksi ya zamani haipendi mguu mzito.

Tulibishana kuhusu difu. Kijana alitaka uwiano wa 3.54 badala ya 4.7, ili gari lisipige kelele barabara ya Namanga. Hoja yake ina uzito: kwa kilomita 80 kwa saa injini inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Ila difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, la sivyo ukifunga magurudumu manne vyuma vinapigana. Na difu ya nyuma ya gari hili, ya Salisbury, haichomoki nzima kama ya mbele. Tena gia ya chini ingekuwa ndefu, nami gari nalitaka lipande milima ya Monduli na mzigo. Nimebaki na 4.7, na nyuma ya gia boksi nimefunga ovadraivu ya mtumba, inayopunguza mizunguko kwa zaidi kidogo ya moja ya tano.

Imebaki milango. Mihimili ya ndani nimeshaikunja, raba za kuzuia vumbi zimefika kutoka Nairobi, na Jumamosi ijayo mpwa wangu ataanza na wa nyuma, kwa kuwa huo ndio unaoingiza vumbi jingi zaidi.