Amani: Shamba la babu na mti uliopata mteja

Michungwa ndiyo inayomsindikiza msafiri anayetoka Muheza kwenda Amani, mkoani Tanga. Barabara ikishafika Sigi, kwenye lango la hifadhi, kupanda kunaanza: kona juu ya kona, mawe, na hewa inayopoa mpaka watoto wanauliza masweta yamewekwa mkoba gani.

Mama mmoja wa Tanga mjini alipanda huko na wanawe wawili wakati wa likizo ya Juni, kumsalimia babu yao. Alikuwa pia na jambo lake. Wiki moja kabla, babu alipiga simu kusema amepata mteja wa mti. Mdogo wake mama anasubiri ada ya chuo, na iliki haitoi tena kama zamani.

Amani ipo Usambara Mashariki, ambako mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapo mwaka 1902, na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye hekta 8,380, ilitangazwa mwaka 1997. Mgeni huona misitu na chai, akapiga picha, akaondoka. Mashamba ya wanakijiji, ambayo hayapendezi sana kwenye picha, ndiyo yenye habari.

Iliki hupenda kivuli. Ndiyo maana wakulima wa huku, tangu enzi za wazee, hufyeka vichaka vya chini, wakapunguza miti, wakaacha mikubwa isimame. Kwa mbali shamba linaonekana bado ni msitu. Miaka ikipita udongo unachoka na mavuno yanapungua. Hapo mkulima huangusha miti iliyobaki apande muhogo au mahindi. Hakuna wa kumlaumu kwa wepesi. Muhogo unalisha nyumba.

Shamba la babu lina sehemu zote mbili, zimetenganishwa na njia ya mguu. Mtoto wa darasa la pili alivua viatu, kama watoto wafanyavyo, na ndiye aliyegundua. Chini ya miti ardhi ilikuwa baridi na laini kama godoro. Kwenye muhogo aliruka akirudi, "Babu, huku kunaunguza!"

Babu alicheka, akachukua jembe. Chini ya miti alichimba na kuonyesha udongo mweusi wenye vijizi na majani yaliyooza nusu, kisha wekundu chini yake. Kwenye muhogo weusi ulikuwa mwembamba, wekundu ukaanza mapema.

Weusi ule kwa sehemu kubwa ni kaboni. Majani yanaanguka, mizizi inakufa, vijidudu vinakula, na kinachobaki hukaa ardhini miaka mingi. Kivuli kikiondoka, jua linapasha udongo, jembe linaufungua, na vijidudu vinakula haraka zaidi kuliko majani mapya yanavyoongezwa. Vikila, vinapumua hewa ukaa, ile ile inayotoka kwenye moshi wa magari na inayozidisha joto la dunia. Mvua nayo inabeba tabaka la juu hadi Mto Zigi. Maji ya mto huo yanakusanywa bwawa la Mabayani, na ndiyo yanayotoka bombani Tanga mjini, nyumbani kwa watoto hawa.

Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti 385 za nchi za tropiki. Msitu wa asili ukigeuzwa shamba la mazao ya msimu, udongo ulipoteza kwa wastani asilimia 25 ya kaboni yake. Ukigeuzwa mazao ya kudumu, hasara ilikuwa asilimia 30. Kwa hiyo kijani peke yake si ushahidi. Lakini shamba la mazao likirudishiwa miti, kaboni ya udongo iliongezeka kwa asilimia 29.

Hapo mti wenyewe haujahesabiwa. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti ambao shina, matawi na mizizi yake ikikauka ni tani 4 umeshika takriban tani 2. Ukiungua au kuoza wote, zinatoka zaidi ya tani 7 za hewa ukaa, kwa sababu kaboni hupanda ikiwa imeshikana na oksijeni. (Mbao zilizotengenezwa kabati zinaendelea kushika sehemu yake, matawi, maganda na vumbi la msumeno ndivyo vinavyotangulia.)

Jioni mama alizungumza na babu barazani, watoto wakiwa jikoni kwa bibi.

"Baba, ukiuza mti, mwakani utauza nini?"

"Na ada nitaitoa wapi, mwanangu? Kivuli hakilipi chuo."

Hilo halina jibu rahisi, na mama hakujifanya analo. Alitoa daftari lake la biashara, akapiga hesabu. Mwishowe alisema ada ya muhula wa kwanza ataibeba yeye, na kabati jipya la duka litasubiri. Muhula wa pili wataona. Babu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mteja atamwambia asubiri. Hakusema asije.

Asubuhi iliyofuata aliwaita wajukuu. Alikuwa amekata vipande vya mche wa pilipili manga, mmea unaopanda juu ya mti ulio hai na kuutaka usimame. Walichimba mashimo shinani mwa ule mti, wakaweka samadi, wakafunika kwa majani.

"Itazaa lini, babu?" aliuliza yule wa darasa la tano.

"Mwaka wa tatu, ikijaliwa."

Mtoto alihesabu kwa vidole. Atakuwa ameanza sekondari. Gari la Muheza lilipiga honi barabarani, na mama akamwambia anawe mikono kwanza.