Picha peke yake haitoi jina



Wote mumeona vipele ku majani ya muti wa maembe nyuma ya internati. Wengine walisema ni ugonjwa, muti ukatwe upesi. Wengine walisema ni ulozi. Sisi wa mwaka wa sita tunasomea chini ya kivuli kile kila siku, kwa hiyo tuliona vema kuuliza kwanza: nani anakaa ndani ya vipele?

Tulipasua kimoja kwa wembe: mulikuwa funza mudogo sana. Majani mengine tuliweka ndani ya chupa, mudomo tukaufunga na kitambaa. Nyuma ya siku chache vidudu vikatoka, vyembamba, miguu mirefu, urefu haufiki milimita tatu. Mwalimu wa biolojia akavipiga picha na simu kupitia lupe.

Hapo mabishano! Kila mutu alitazama picha na kutoa jina lake. Mumoja mbu, mwingine nzi wa matunda. Lakini picha ilionyesha nini kweli? Pembe ndefu zenye viungo kama shanga, na manyoya juu yake. Mabawa mawili yenye mishipa michache sana, ya mbu ni mingi. Ile inatosha kusema ni jamaa ya Cecidomyiidae, vidudu vinavyovimbisha mimea. Lakini jamaa hiyo iko na aina zaidi ya 6,000 zenye majina, na nyingi hazijapewa jina bado. Kwa kuzitenganisha, wataalamu wanatazama ku mikroskopi viungo vya uzazi vya dume, na kibao kidogo chini ya kifua cha funza. Simu haivionyeshi.

Basi tupige picha ya nyumba yake vilevile: jani lote, juu na chini, kivimbe kizima na kilichopasuliwa. Juu ya nini? Aina nyingi zinakaa ku mumea wa namna moja tu, na kila moja inajenga kwa namna yake. Mwaka 1906 padri Kieffer, mwalimu kule Bitche katika Lorraine, aliandika pamoja na Cecconi juu ya Procontarinia matteiana, mwenye kufanya vipele ku majani ya maembe. Yetu inafanana naye. Lakini ku maembe kunaishi aina zaidi ya moja; kwa hiyo ku daftari tumeandika jamaa, na pa aina tumeacha nafasi. Kwa wakubwa wa shule tunaomba: matawi yenye vipele vingi yakatwe na kuchomwa, shina libaki.

Wengine walicheka nafasi ile. Sisi makapita tunajua uzito wake. Kila juma tunaandika majina ya wenye makosa, na mara nyingi tunaletewa sura tu: "Nilimuona kwa mbali, ni yule." Jina likisha kuandikwa, kulifuta ni kazi ngumu. Basi, wandugu, mukileta jina, leteni na mahali, saa na mashahidi. Kama hakuna, tutaacha nafasi.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita