Malaika wa Mtaji

Katika lugha ya biashara, malaika ni mtu atoaye mali yake mwenyewe kwa kampuni changa, ambayo haijapata faida na pengine haina hata bidhaa, ili apewe sehemu ya umilikaji wake. Jina hili lilitoka katika majumba ya michezo ya New York, ambako matajiri waliogharimia michezo ya jukwaani waliitwa malaika. Mwaka 1978 William Wetzel, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, alilitumia kwa watoaji wa mtaji. Mimi naliona kubwa mno. Malaika wa mbinguni hadai hisa.

Wazee wa pwani walikuwa na desturi iliyo jirani na hii, wakaiita mali kauli: mwenye bidhaa alimkabidhi msafiri kwa kumwamini tu, na hesabu ikafanywa arudipo kutoka bara. Tippu Tip alisafiri kwa mali ya matajiri wa Unguja, na Taria Topan alikuwa mmoja wao. (Biashara ile ilibeba pembe na watumwa, wala siisifu.) Walakini lile lilikuwa deni, na deni hudaiwa hata msafara ukiangamia. Malaika hana la kudai. Kampuni ikifa, fedha yake imekufa nayo.

Kwa hiyo aombwaye hutaka dalili, na aombaye hana dalili ila maneno yake. Huambiwa aonyeshe wanunuzi. Naye hawezi kupata wanunuzi kabla ya kutengeneza kitu, wala kutengeneza kitu kabla ya kupata fedha. Jeff Bezos alipotafuta dola milioni 1 kwa ajili ya Amazon, alionana na watu wapatao 60, na waliokubali walikuwa kama 20 tu, kila mmoja kwa dola 50,000 hivi. Wengi walimwuliza kwanza intaneti ni kitu gani. Wazazi wake walikwisha kumpa dola 245,573 mwaka 1995, ingawa aliwaonya kuwa yaelekea zingepotea. Kinyume chake, Agosti 1998 Andy Bechtolsheim aliandika hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google kabla kampuni hiyo haijaandikishwa, hata vijana wale wakalazimika kuiandikisha ndipo waweze kuitia hundi benki. Kisa hiki cha pili husimuliwa sana. Cha kwanza ndicho kifananacho na maisha ya wengi.

Mwana wa marehemu dada yangu yuko Tanga. Azma yake ni kukodisha majokofu ya nguvu ya jua kwa wavuvi, ambao kwa kukosa barafu hulazimika kuuza samaki asubuhi ile ile kwa bei apendayo mchuuzi. Kwa miezi minane alibisha hodi kwa watoaji wa mtaji wa Dar es Salaam. Hakuna aliyemkatalia. Walimsifu, wakampa chai, wakasema watamwarifu. Neno hili ni baya kuliko hapana, maana hapana humwachilia mtu akashike kazi nyingine.

Mwisho akaja kwangu.

"Mjomba, sikutaka kuja kwako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hutanidai."

Kiinua mgongo changu hakikuwa kimebaki kingi. Mke wangu alisema kwa upole, "Mwalimu, hiyo ndiyo dawa yetu ya uzeeni," na nilijua kuwa asema kweli. Nilisoma uchunguzi wa Robert Wiltbank na Warren Boeker, uliotolewa Marekani mwaka 2007: asilimia 52 ya mitaji iliyofikia hesabu ya mwisho ilirudisha pungufu ya ilichotiwa, na asilimia 7 tu ndiyo iliyoleta robo tatu ya mapato yote. Tajiri hujikinga kwa kutia kidogo kidogo katika kampuni nyingi. Mimi nina mpwa mmoja.

Nilimpa shilingi 5,000,000 kwa asilimia 10. Ndiyo kusema kampuni yake, pamoja na fedha hiyo, tuliithamini 50,000,000. Alinisihi tusiandike, kwa kuwa sisi ni ndugu. Nikamwambia kuwa kwa kuwa ni ndugu sharti tuandike, ili siku ya hasara tugombane na karatasi. Nilimweleza pia jambo ambalo vijana huligundua wamechelewa: akija mgeni kununua hisa mpya zilizo sawa na sehemu ya tano ya kampuni, asilimia 90 zake zitakuwa 72, na 10 zangu zitakuwa 8, wakija wageni watatu namna hiyo, hatabaki hata na nusu ya nyumba aliyoijenga. Aliandika tarakimu hizo nyuma ya bahasha, akazitazama sana.

Jokofu la kwanza liko ufukweni tangu Machi. Sijapata faida yoyote, na mke wangu bado huuliza kila mwisho wa mwezi.