Maisha Yangu Juu ya Tandiko

Kazi ya mbio za farasi niliianzia bandani. Nilikuwa saisi katika Uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Nilizoa mavi, nikasugua manyoya, nikachokoa kwato. Mkufunzi aliponiona nina mwili mdogo na mikono isiyovuta hatamu kwa pupa, alinipa farasi wa kutembeza alfajiri, kisha wa kwenda matiti, hatimaye wa kwenda shoti, nami nikawa joki.

Watu hudhani joki hushindana Jumapili tu. Mimi nilishindana na mzani kila siku. Farasi hupangiwa uzito wa kubeba, na katika mbio nyingi aliye bora huongezewa ili wenzake nao wapate nafasi. Kabla ya kutoka nilipimwa pamoja na tandiko langu. Nikipungua, vipande vya risasi vilitiwa kwenye tandiko. Nikizidi mno, farasi alipewa mwingine, na siku hiyo sikulipwa. Ndiyo maana nilikimbia juani nimevaa makoti, na usiku nikalala na chai ya rangi tupu.

Mbio za Kenya Derby ni za mita 2,400, za farasi wa miaka mitatu. Ushindi wa masafa hayo haupatikani kwa mjeledi. Nilijikunja juu ya vikuku vifupi nikisikiliza pumzi. Farasi akienda shoti, pumzi hufuata miguu: hatua moja, pumzi moja. Ikianza kukwaruza mapema, nilimtuliza. Tukiingia mwendo wa mwisho bado imetulia, nilijua ana akiba, ndipo nikamwachia.

Lakini aliyemjua farasi kutushinda sote ni saisi. Asubuhi moja saisi wetu aliweka kiganja kwenye mguu wa mbele wa farasi jike niliyepangiwa, chini ya goti, akakiacha hapo kitambo. "Kaka, huyu leo usimpande. Mguu una joto." Daktari wa mifugo alipomkagua, alikuta kano imeanza kuvimba. Angekwenda shoti siku ile, angeweza kuvunjika nami nikiwa juu yake.

Ushindi ukija, kikombe hupokewa na mwenye farasi, mkufunzi husifiwa, joki hupigwa picha. Saisi huondoka na farasi kwenda kumwosha. Nawaomba wamiliki: zawadi inapogawanywa, fungu la saisi liandikwe kama langu lilivyoandikwa. Lisiachwe kuwa bahashishi, kwa kuwa ni ujira alioufanyia kazi.