Bibi wa Marangu na ziwa la vilele kumi

Saa 2 kasoro dakika tano asubuhi, katika nyumba moja jijini Calgary, Kanada, mama wa watoto watatu alikuwa amekaa kwenye ngazi, simu mkononi. Mumewe alikuwa mezani mbele ya kompyuta. Uji ulikuwa unachemka na hakuna aliyekwenda kuukoroga. Saa 2 kamili ukurasa wa tiketi ulifunguka, na baada ya dakika kadhaa za kubofya na kungoja, mama akapaza sauti: "Sita! Nimepata sita!"

Tiketi hizo hazikuwa za mpira wala za tamasha. Zilikuwa za basi la kwenda Ziwa Moraine, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Banff. Kila mwaka watu wengi mno hutaka kuliona ziwa hili, kuliko nafasi zilizopo. Kwa familia hii kulikuwa na sababu ya ziada. Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Marangu, Kilimanjaro, kuwaona wajukuu, na zilikuwa zimebaki siku tano arudi nyumbani.

Wiki moja kabla walikuwa wamejaribu na kushindwa. Baba aliwaamsha watoto saa 9 usiku, wakapakiwa kwenye gari wakiwa bado na nguo za kulalia, wakasafiri kilomita 180 hivi hadi kijiji cha Lake Louise. Kwenye njia panda ya kwenda ziwani wakakuta kizuizi. Tangu mwaka 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara ile. Kabla ya hapo foleni ilikuwa inaanza usiku wa manane na eneo la kuegesha magari linajaa kabla jua halijatoka. Baba alikuwa amesikia habari hizo kijuujuu, akadhani wakiwahi sana watapita. Mhudumu aliwageuza kwa upole. Mtoto wa kati alilia hadi Banff. Bibi hakusema neno, akamfunika mdogo kwa khanga.

"Niliumia kwa ajili yake," mama aliwaambia rafiki zake baadaye. "Amevuka bahari, halafu nashindwa kumfikisha kilomita 14 za mwisho."

Njia ya kufika

Mzazi anayepanga safari hii aanze na kalenda. Barabara ya Ziwa Moraine hufunguliwa kwa kawaida kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi katikati ya Oktoba. Miezi mingine hufungwa kwa sababu maporomoko ya theluji huikatiza. Hata Juni inapoanza, ziwa linaweza kuwa bado na barafu na maji yake yako chini. Rangi ile inayoonekana kwenye picha huanza kukolea mwishoni mwa Juni, na Julai na Agosti ndiyo miezi ya uhakika zaidi.

Linalofuata ni tiketi. Mamlaka ya hifadhi, Parks Canada, huendesha mabasi kutoka kwenye maegesho makubwa ya kituo cha mchezo wa theluji cha Lake Louise. Sehemu ya tiketi huuzwa mtandaoni kuanzia majira ya kuchipua, na sehemu nyingine hutolewa saa 48 kabla ya siku ya safari, saa 2 asubuhi kwa saa za huko. Hizo za saa 48 ndizo familia yetu ilizozipata. Kila abiria anahesabiwa, hata mtoto mdogo, kwa hiyo kosa la kusahau kumwandikia wa miaka mitatu linaweza kuharibu siku nzima.

Zipo pia kampuni binafsi za mabasi yenye kibali, baadhi zikiondoka alfajiri kwa wanaotaka kuona jua likichomoza. Gari lenye kibali rasmi cha maegesho ya watu wenye ulemavu nalo huruhusiwa kupita. Bibi ana maumivu ya magoti lakini hana kibali hicho, basi likabaki basi.

Kiingilio cha hifadhi ni jambo jingine, tofauti na nauli ya basi. Watoto hadi miaka 17 huingia bure katika hifadhi za taifa za Kanada. Huo ni unafuu mkubwa kwa familia ya watu sita.

Ziwani

Siku ilipofika, waliondoka saa 11 alfajiri bila haraka. Kwenye begi kulikuwa na maandazi, chupa mbili za chai, nepi, soksi za ziada na makoti. Wengine kwenye foleni walikuwa na kaptula. Ulipovuma upepo wa kule juu, wenye kaptula walianza kujikunyata.

Ziwa lipo mita 1,884 juu ya usawa wa bahari. Mtoto mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amelitafuta hilo kwenye simu nyumbani, na ndani ya basi akamwambia Bibi. Bibi akauliza, "Na lango la Marangu?" Mtoto alikuwa amelitafuta pia: mita 1,870 hivi.

"Kumbe ni urefu uleule!" Bibi alisema, na abiria wa mbele wakageuka. Langoni Marangu kuna msitu wa kijani, ukungu na kima wanaoruka kwenye matawi. Barafu yake iko juu kabisa, Kibo, zaidi ya kilomita tatu na nusu kwenda angani kutoka langoni. Huku Kanada, kwa urefu huohuo, maji huganda miezi mingi ya mwaka. Tofauti ni umbali kutoka ikweta. Marangu ipo nyuzi tatu tu kusini yake, Moraine ipo nyuzi 51 kaskazini.

Walipofika, watoto walikimbilia kwenye maji na mama akawakimbilia wao. Hapo ndipo mzazi anapaswa kuwa macho. Kwenye mwisho wa ziwa, maji yanapotokea, kumerundikana magogo yaliyosukumwa na maji. Watu hupanda juu yake kupiga picha. Magogo yanateleza na hujigeuza, na maji ni baridi kiasi cha kumkata mtu mzima pumzi. Mama alimshika mdogo mkono na hakuuachia.

Rangi ya maji ni bluu ambayo mtoto wa kati alidhani imetiwa dawa. Haikutiwa kitu. Barafuto za milimani husaga mwamba polepole hadi ukawa unga laini sana. Unga huo huingia ziwani na maji yanayoyeyuka, ukaelea bila kuzama upesi, na mwanga wa jua ukigonga chembe zake hurudisha zaidi rangi ya bluu na kijani. Ndiyo maana ziwa hupendeza zaidi jua linapolipiga kuliko wakati wa mawingu.

Kuna njia fupi ya kupanda mlundiko mkubwa wa mawe, mita 300 na kidogo, yenye ngazi. Kutoka juu ndiko ilikopigwa picha iliyowahi kuwa nyuma ya noti ya dola 20 ya Kanada, matoleo ya 1969 na 1979. Mlundiko huo ndio uliolipa ziwa jina. Mwaka 1899 Walter Wilcox aliliita Moraine, yaani mawe yaliyosukumwa na barafuto, ingawa leo inaaminika kuwa mengi yaliporomoka kutoka mlimani.

Baba na watoto wawili wakubwa walitaka kupanda. Bibi aliziangalia ngazi, kisha magoti yake. "Nendeni, mtanikuta hapa." Mtoto mkubwa akakataa. "Bibi, tutapumzika kila ngazi kumi." Wakapanda hivyo, ngazi kumi, kupumzika, ngazi kumi. Watu waliwapita. Safari ya robo saa ikachukua karibu saa nzima.

Kuhesabu milima

Juu, bonde lote lilikuwa mbele yao: vilele kumi vimejipanga nyuma ya maji. Mpelelezi Samuel Allen ndiye aliyevipa vilele hivyo majina ya namba, moja hadi kumi, kwa lugha ya Wastoney, wenyeji wa maeneo hayo. Baadaye vingi vilibadilishwa na kupewa majina ya watu, lakini vitatu bado vina namba zao: Tonsa ni nne, Neptuak ni tisa, Wenkchemna ni kumi.

Bibi aliposikia hivyo akamgeukia mtoto wa kati, wa miaka minane, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hukijibu kwa Kiingereza. "Haya mjukuu wangu, nihesabie na wewe kwa lugha yako."

Mtoto akainua kidole. Moja, mbili, tatu. Alikwama kwenye saba, akaruka hadi tisa, dada yake akacheka. Bibi hakucheka. "Rudi mwanzo." Alirudi mara tatu. Mara ya tatu alifika kumi, na Bibi akampa andazi la mwisho lililokuwa limefichwa kwenye mkoba.

Kabla ya kuondoka, Bibi alishuka hadi ukingoni akatia mkono kwenye maji. Maisha yake yote ameiona barafu ya Kibo kutoka shambani, na ameiona ikipungua mwaka hadi mwaka. Hakuwahi kuigusa. "Basi leo nimegusa maji yake ya huku," alisema, akaufutia mkono kwenye khanga.

Kwa mzazi anayekwenda

Hifadhi picha ya tiketi kwenye simu mapema, kwa kuwa mtandao wa kule si wa kutegemea. Beba nguo za baridi hata mwezi wa Julai. Nenda na chakula chako, na urudi na taka zako zote, kwa kuwa dubu hufuata harufu. Ukitaka kwenda njia ndefu, soma kwanza matangazo ya hifadhi, maana kuna nyakati ambapo watu hutakiwa kutembea kwa makundi ya watu wanne au zaidi kwa sababu ya dubu. Na kurudi kuna foleni, hivyo usingoje basi la mwisho ukiwa na mtoto mchovu.

Jumapili iliyofuata Bibi alipanda ndege. Alipopiga simu kutoka Marangu, mtoto wa kati ndiye aliyeipokea. Bibi hakuuliza habari za shule. Alisema, "Hesabu milima." Mtoto akahesabu hadi kumi bila kukwama.