Nadhiri ya Kuacha Nyama

Bwana mmoja wa mtaa wa West Indies, mjini Eldoret, aliweka nadhiri ya kutoonja nyama siku zote 40 za Kwaresima. Kanisa halikumdai hivyo: sheria yake ya mwaka 1983 hutaja Jumatano ya Majivu na siku za Ijumaa tu, kwa waliotimiza miaka 14.

Ulioteseka kwanza haukuwa mwili bali moyo. Juma la kwanza, harufu ya nyama choma ya majirani ilimfanya awakaripie watoto bila sababu. Kufika juma la tatu hamu ilipoa, akalala vizuri, tumbo likiwa jepesi. Majirani walingoja adhoofike, wasijue kwamba mwili una akiba. Vitamini B12, isiyopatikana katika nafaka wala maharagwe, hutunzwa katika ini kwa miaka. Tena maziwa ya mala hakuyaacha. Ugali na maharagwe navyo husaidiana: kinachopungua katika kimoja kimo katika kingine.

Shida ilimpata mkewe, mja mzito, kwa kuwa chungu cha nyumba ni kimoja, jambo ambalo waume wengi hawalifikiri. Madini ya chuma yaliyomo katika nyama huingia mwilini kwa urahisi; yale ya maharagwe na mboga za majani huingia kwa shida, na chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia zaidi, ingawa limau huyasaidia. Mama alipopimwa kliniki alikutwa amepungukiwa damu.

Bwana hakuvunja nadhiri. Jumamosi ile ile alinunua nusu kilo ya nyama, akampikia mkewe kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaketi karibu naye na sahani yake ya maharagwe.