Gita Isiyotafuta Sifa

Umekwisha kusikia "Indépendance Cha Cha"? Kabasele na African Jazz waliirekodi Brussels mwaka 1960. Watu wanasifu gita ya solo ya Dr Nico, na ni haki yake. Lakini pembeni yake alikuwapo mkubwa wake, Charles Mwamba, waliyemwita Déchaud, akipiga gita ya akompa. Yeye ndiye mkubwa, lakini sifa zilimwendea mdogo.

Miye pia napiga akompa, katika korali yetu hapa Goma. Zamani jambo hilo liliniuma. Siku moja, kwenye ibada ya mazishi, nilichoka kujificha. Nikaacha mapigo yangu, nikaanza kukimbizana na solo. Kumbe! Mwimbaji akapotea, ngoma ikakimbia, wamama wakanyamaza katikati ya wimbo. Mjane akainua kichwa, akatuangalia. Ile sura sijaisahau.

Jioni nilirudia kaseti ya African Jazz, safari hii nikimtafuta Déchaud tu. Hashindani na mdogo wake. Anashika mapigo yale yale, anaacha nafasi, na Nico anaruka bila woga, kwani anajua atatua wapi.

Ninyi wa machimbo munajua: mti unaoshikilia shimo hautoi hata gramu moja ya dhahabu. Lakini uuondoe, utaona.

Basi kijana, ukipewa kazi isiyo na sifa, usiulize kwanza nani atakuona. Uliza: wimbo unahitaji nini?